Muhuri Ulioonjwa

Siku ya pili baada ya kumzika dada yangu, watu wakiwa bado wamekaa mikekani uani, Mzee Kufuli alinivuta pembeni karibu na tangi la maji. Alinipa pole. Akasema marehemu alikuwa kama binti yake, akapangusa jicho ambalo mimi sikuona chozi ndani yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia viatu vyake mlangoni:

"Na vile vyeti vyake, mwanangu, viko wapi? Visije vikaliwa na panya. Kama hamna pa kuviweka, nileteeni mimi niwahifadhie."

Nilitazama kiuno chake. Lile shada la funguo lililompa jina bado analining'iniza palepale. Nikamjibu, "Viko mahali pazuri, mzee," nikaenda kuwamiminia watu chai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi huyu alishatuuma.

Dada alisomea kazi ya maabara, akaajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni cha Mzee Kufuli kupima kila pishi kabla halijakatwa miche. Vifaa vya kupimia alikuwa navyo, chupa na karatasi za rangi, lakini mwisho wa yote alimega kipande kidogo akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ikizidi, sabuni huchoma ulimi kama cheche. Ikiwa imeiva, haisemi kitu. "Umeme hukatika," alikuwa akisema, "lakini ulimi ninao." Wapakiaji wakambatiza Bi Ulimi.

"Bi Ulimi," walimtania alipochumbiwa, "huyo bwana umeshamwonja?"

"Nimemwonja. Bado ana kostiki, nimemrudisha sufuriani."

Na kweli hakuolewa naye.

Siku alipoanza kazi, Mzee Kufuli alimwomba vyeti vyake halisi, cha sekondari na cha chuo, ati avitazame. Alivitazama, akavitia ndani ya bahasha, akaifungia bahasha kwenye kabati la chuma. "Kwenu kuna panya, kuna mvua, kuna wezi," alimwambia. "Nakuwekea amana."

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa zito. Jirani aliwahi kumwachia baba cherehani akasafiri, na baba hakumruhusu mama hata kuipitishia uzi mpaka mwenyewe aliporudi. Kwa hiyo dada aliposikia amana, alishukuru, akalala usingizi.

Miaka ikapita. Maabara ya maji ya mji ikatangaza nafasi ya mpimaji, na tangazo lilisema wazi kwamba atakayekuja kwenye usaili bila vyeti halisi asipoteze nauli yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoiota tangu chuoni. Akaenda ofisini kuomba bahasha yake.

"Vya nini?" Mzee Kufuli aliuliza.

"Nataka kuviona tu, mzee."

"Kuviona? Cheti si mtoto, hakikui."

"Lakini ni vyangu, na amana ikitakiwa hurudishwa."

"Utapewa siku utakayoondoka vizuri."

"Vizuri ndiyo vipi?"

"Siku nitakayokuruhusu."

Jioni ile hakugusa chakula. "Mdogo wangu," aliniambia, "hii si amana, ni rehani. Na kilichowekwa rehani si karatasi. Ni mimi."

Kesho yake mlinzi wa getini akamtilia sumu ya pili. Alimwambia kwa kunong'ona, macho yakiwa barabarani, "Bi Ulimi, vyeti vya humu vina miguu. Nasikia kule kwenye tawi lake la pili yuko mpwa wake mmoja, shule ilimshinda, lakini anapima sabuni na anaitwa kwa jina lako."

Dada alicheka. Lakini kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Mzee Kufuli akikohoa, alijiuliza anamkoholea nani. Karani wake, waliyemwita mama wa ofisini, akifunika karatasi kwa kiwiko, dada alihesabu kwamba ni jina lake linafunikwa. Hata mimi sikupona. "Umemwambia nani habari za usaili?" aliniuliza huku natia chumvi kwenye mboga. Nikamwambia nimeiambia chumvi. Hakucheka.

Wapo waliomwambia mwenye kiwanda ana haki, maana mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Dada akataka kusikia sheria yenyewe. Tukaenda pamoja ofisi ya kazi, tukampata afisa kazi, mama mnene aliyevua viatu chini ya meza akavaa kandambili.

"Uliweka sahihi kwamba avitunze?" alimuuliza.

"Hapana. Alisema tu ni amana."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mwajiri anaweza kuvitaka vyeti vyako avione, avihakiki, atoe vivuli kwenye mashine abaki navyo. Akimaliza akurudishie. Sheria ya kazi nimeisoma mbele nyuma, sijaona panapompa ruhusa ya kuvikalia ili usiondoke. Panapokataza kumfunga mtu kazini bila hiari yake, hapo napaona vizuri."

"Na kama ningeweka sahihi?"

"Hata hivyo. Sahihi ya mtu mwenye njaa ya kazi naijua ilivyo. Ukikubali akutunzie, ni kutunza tu, siku ukivitaka unapewa. Cheti kina jina lako au lake?"

Dada alimkazia macho. "Samahani, mama. Wewe na Mzee Kufuli mnajuana?"

Yule mama alicheka mpaka kandambili moja ikamtoka. "Simjui. Lakini kesho nitamjua."

Na kesho yake alikuja kiwandani kweli, tukaingia naye ofisini sote watatu. Mzee Kufuli akawa asali tupu. Alivuta viti, akauliza habari za watoto, akafungua kabati kabla hajaombwa. "Nilikuwa naviandaa nimpelekee mwenyewe," alisema, akatoa bahasha.

Dada alitoa cheti cha chuo. Jina lilikuwa lake. Lakini kwenye kona ya juu palikuwa na matobo mawili ya pini, na dada alijua kwamba cheti chake hakijawahi kubanwa na chochote. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Hiki si changu," alisema. "Hiki ni kivuli cha rangi."

"Mungu wangu!" Mzee Kufuli aliruka. "Binti, naapa!"

"Na haya matobo?"

"Matobo ni matobo! Labda mama huyu alikibana na kitu."

Mama wa ofisini alikodoa macho. "Mimi? Ufunguo wa kabati hilo sijaushika hata siku moja."

Afisa kazi alisema twende nacho dirishani tukitazame kwenye mwanga. Hatukufika. Dada alikiinua cheti mpaka kinywani, akatoa ulimi, akauramba muhuri.

"Ala!" mama wa ofisini alipiga kelele.

Wino wa zambarau ulikubali mate, ukayeyuka. Nusu ya muhuri ilitawanyika kama jicho la mtu aliyelia na wanja. Kivuli cha mashine hakitoi wino namna ile. Kilikuwa cheti chenyewe, na yeye ndiye aliyekiharibu.

"Ni changu," alisema, ulimi wa zambarau, machozi yakimtoka.

Mpaka tunavuka geti, habari ilikuwa imeshafika kwa wapakiaji. "Bi Ulimi! Kimeiva?" mmoja aliuliza. Dada alimwonyesha ulimi wake, tukaenda zetu. Hakurudi tena pale.

Kwenye usaili walimuuliza muhuri umepatwa na nini. Angeweza kusema mvua. Alisema, "Nimeuramba," akaeleza kwa nini. Hawakumwamini wala hawakumfukuza. Walikipeleka cheti chuoni kihakikiwe, na dada akakaa nyumbani bila kazi, akiswali na kumshuku kila anayepita na bahasha. Hatimaye chuo kilijibu: cheti ni halali, na doa la muhuri limeandikwa kwenye jalada lake. Wakamchukua. Amepima maji ya mji huu mpaka maradhi yalipomlaza.

Habari ya matobo hatukuijua kamwe. Mlinzi yule aliacha kazi, na huyo mpwa hatukuwahi kumwona. Tumefundishwa kwamba kumdhania mtu vibaya ni dhambi, na nimetubu mara nyingi. Lakini mtu anayekuja msibani kuulizia vyeti vya maiti, nimdhanie nini?

Maana hakuuliza mara moja. Alipotaka kuondoka, alinifuata tena mlangoni. "Vile vyeti, mwanangu. Nimesema tu, niwasaidie kuhifadhi."

Nikaingia ndani nikakileta cha chuo. Sikumpa mkononi. "Unauona muhuri, mzee?"

"Umechafuka," alisema.

"Haukuchafuka, umeonjwa. Na chuoni wameandika. Popote kitakapotokea cheti chenye jina hili, wataulizia doa la ulimi wa marehemu."

Alishika funguo zake zisilie. "Mungu amrehemu," akasema, akaenda bila kumaliza chai.

Mama alikuwa amesikia nusu. Aliniita chumbani, akanikemea kwa sauti ya chini kwamba mgeni wa msiba hajibiwi hivyo.

"Mama, alikuja kutaka amana."

"Amana gani?" Alichukua kile cheti, akakitia kwenye sanduku lake chini ya shuka, akafunga. "Amana tuliyokuwa nayo, Mwenyewe ameshaichukua."