Gauni la Bluu kwa Nyumba ya Meneja

Mwanangu, wacha nianze na aibu yenyewe, usije ukaisikia kwa watu. Mimi, msichana wa Silibwet, darasa la tatu nusu, nilijipaka unga wa ngano usoni. Mama yangu alipokuja kuniona na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, nikamwambia, "Pita mlango wa jikoni. Na uniite memsabu." Cheka tu. Hata mimi nacheka, lakini nikimaliza sipendi mtu aniangalie.

Nilikuwa bibi wa meneja mzungu kwa shamba la chai huko upande wa Litein. Bibi bila harusi. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke wa gauni la bluu, shingo imelala kushoto. Meneja alisema huyo alikuwa mpenzi wa mfalme wa Ufaransa. Hakuwa malkia, lakini wakubwa wote walikuwa wanamwinamia. Nikajiambia, kumbe kazi yangu ni kubwa hivi! Na kweli, watu wa shamba walikuwa wananiletea shida zao nimwambie bwana: huyu apelekwe kiwandani, huyu apewe ruhusa akazike. Kichwa kikanivimba kama andazi.

Kila siku saa kumi, ukungu ukishuka, alikuwa ananivalisha gauni kama lile, ananikalisha chini ya picha, anainamisha shingo yangu na vidole viwili. "Hivyo." Halafu ananiangalia. Haongei. Chai inapoa. Mbwa wake hakuwa anaingia hicho chumba hata ukimwitia nyama.

Siku ile ya mlango wa jikoni, mama alirudi kwake bila kuaga. Rafiki yangu Akinyi, aliyekuwa anafua nguo pale, akageuza gauni nje ndani akanionyesha kiuno. Kimeshonwa na kufumuliwa mara nyingi. Uzi mwekundu, mweupe, mweusi, na wa kijani.

"Huu wa kijani ndio wako," akasema.

"Na wale wengine wako wapi?"

"Si unawaona kila siku? Wanachuma majani hapo chini."

Nikashuka. Ukungu ulikuwa umemeza miti yote. Wanawake watatu kwa mstari mmoja, kimya, mikono tu ndio inaenda. Nikawasalimia kwa lugha yetu, "Chamgei." Wakainua uso pamoja. Shingo zote tatu zilikuwa zimelala kushoto.

Nikashika yangu. Nikainyoosha. Ikarudi.

Mwanangu, nilitoka hapo na hilo gauni mwilini, nikatembea mpaka kwetu. Mama alikuwa anaosha vibuyu.

"Memsabu amekuja," akasema, na hakucheka.

Nikapiga magoti. Alimaliza vibuyu vyote, kimoja kimoja, mimi niko hapo hapo, sijui kama nitafukuzwa. Halafu akanishika kichwa na mikono yote miwili, akakinyoosha polepole.

"Ingia ule," akasema.

Kwa hivyo nakuambia: nyumba ikitaka uwe mtu mwingine ndio ukae, toka ungali unajijua. Na mzazi wako usimwonee haya mbele ya mtu yeyote. Sasa sogea nikutemee mate ya baraka kifuani. Usiogope, meno yamebaki mawili, hayakufikii. Mungu akupe watu wanaokuita kwa jina lako.

Na Akinyi, siku chache baada ya mimi kurudi kwetu, alikuja kunitembelea. Nikamlilia vile nimepata aibu. Akanipiga kofi la mgongo.

"Nyamaza wewe! Wenzako walitoka na watoto. Wewe umetoka na aibu peke yake, na aibu hainyonyi."