Michembe Isiyokauka

Nilipomaliza kidato cha sita, jina langu lilitoka pamoja na majina ya wenzangu: mafunzo ya jeshi kwa mujibu wa sheria, kambi iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi. Wenzangu wakaanza kukimbia kila asubuhi kujiandaa. Mimi nilijiandaa kwa kulala. Sijawahi kupenda safari inayozidi kisimani, na huko nilisikia mtu anaamshwa kwa filimbi.

Ila lililonishika hasa ni bibi. Ndiye aliyenilea hapa Samuye. Babu alishafariki, macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na nyumba nzima tulikuwa wawili. Hakuniambia nibaki. Aliniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kiume.

"Mume wangu, jeshini hawajui kupika. Hutoki hapa bila michembe."

Tukamenya viazi vitamu, tukavikata vipande vyembamba, tukavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Kwa jua letu la kiangazi, michembe haichelewi kukauka mpaka ikalia kama vigae. Wiki ikaisha, yetu bado inapinda kama soli ya raba.

Sehemu yangu ya kosa naijua. Jua likikolea tu, nilikuwa naianua michembe, namwambia bibi mbuzi wa jirani wanakuja. Jirani alikuwa ameshauza mbuzi wote. Kilichonishangaza ni kwamba hata siku nilizojisahau, haikauki.

Mchana mmoja nikarudi kutoka kisimani mapema, nikamkuta bibi ameinama mwambani na kata mkononi. Anapapasa kipande kimoja kimoja, anakinyunyizia maji, taratibu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Nikarudi nyuma ya banda. Nikasubiri amalize, ndipo nikakohoa.

"Jua la mwaka huu limelegea," akasema.

"Limelegea sana, bibi."

Siku moja kabla ya kuripoti, shangazi, binti mkubwa wa bibi, akafika kutoka Runzewe na bukta ya bluu na raba mpya alizoninunulia. Yeye alitaka niende. Alisema nitakomaa kidogo, na kwamba bila cheti cha jeshi ajira nyingine nitazisikia redioni. Akatafuna kipande cha michembe, akakitema, akamgeukia mama yake.

"Mayo, hii imechacha. Nani anaimwagia maji?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema bibi.

Shangazi akatutazama, mmoja kisha mwingine. Akaketi mwambani na raba zangu mapajani.

"Yaani serikali inasubiri mtu, nyie mnalowanisha viazi."

"Huyu anaogopa filimbi," bibi akasema.

"Na wewe, mayo?"

Bibi akatafuta mkono wangu, akakosea akashika wa shangazi, akaushikilia huohuo.

"Mimi naogopa jioni."

Shangazi hakusema tena habari za cheti. Kesho yake, siku ya kuripoti, aliondoka alfajiri peke yake, akaniachia bukta, akasema nitalimia. Nikawasha moto. Bibi akauliza kutoka chumbani, sauti ikiwa chini:

"Nani huyo jikoni?"

"Mumeo."

Nikamsikia anajifunika vizuri.

"Haya. Chai leo uweke majani, siyo kama ya jana."