Pichi Iliyolala na Moyo wa Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rågsved, pembezoni mwa mji mkuu wa Uswidi, kriketi haikuwa ya kutazama. Ilikuwa ya kusikiliza, tena kwa kusota. Redio ya Baba ilikaa juu ya kabati la vyombo, antena yake imeungwa waya uliotokeza dirishani. Ikitaka kukoroma ilikoroma, ikitaka kusema ilisema. Vijana wa leo simu ikikwama kidogo tu wanalia utadhani wamefiwa. Sisi tulikaa na ule mlio wa nyuki mchana kutwa na tukashukuru.

Baba alikulia Nairobi, karibu na uwanja wa klabu ya Wahindi, na huko ndiko kriketi ilikomwingia kwenye damu. Rafiki yake Anko Musoke, Mganda, alikuwa na ugonjwa huohuo. Wa tatu alikuwa Mzee Nestori, jirani wetu wa ghorofa ya juu, Mrundi, ambaye hakuelewa chochote na alifuata mandazi ya Mama. "Siku tano mnacheza, halafu hakuna aliyeshinda?" aliuliza kila mara. "Jamani, si wangekwenda kulima?" Nyumba nzima ilicheka, chai ya tangawizi ikimwagika kwenye visahani.

Lakini kiangazi ninachokisema hapa, kicheko kilikuwa kimepungua. Masika yale Baba alikuwa ameanguka kazini. Moyo. Hospitalini mimi ndiye niliyemtafsiria Mama maneno ya daktari, maana Kiswidi chake bado kilikuwa cha dukani: asibebe kitu kizito, asikasirike, asishtuke. Nilikuwa darasa la tatu. Tangu siku hiyo niliogopa kila kitu chenye kelele. Mlango ukibamizwa, roho inaruka. Kila asubuhi nilisimama nje ya chumba chao nikisikiliza kama Baba anakoroma, na asipokoroma, niliusukuma mlango kidogo nimwone.

"Rehema, kaa karibu na baba yako," Mama aliniambia mechi ilipoanza. "Ukimwona anashika kifua, niite."

Basi nikakaa kwenye zulia miguuni pake. Waingereza walikuwa wanacheza kwao, na Baba, kama kawaida yake, alikuwa upande wa timu ya wageni. Mimi hata sikujua nani anapiga. Nilikuwa namtazama Baba.

Bahati nzuri, pichi, ule ukanda wa ardhi mpira unapodundia, ilikuwa tambarare. Wenzangu mliosikiliza enzi zile mnajua maana yake: mpira hauruki wala haupindi, wapigaji wanajipigia wanavyotaka, na siku tano zinaisha sare.

"Pichi imelala!" alilalamika Anko Musoke. "Hii ni barabara ya lami. Hata bibi yangu angepiga mia hapa."

"Mrushaji mkono utamchomoka bure," alisema Baba. "Mpira wenyewe unakuja kama mgeni anayeogopa mbwa."

Walinung'unika hivyo hadi jioni, na mimi moyoni nilikuwa nasema, ilale tu, Mungu wangu, ilale mpaka mwisho. Pichi iliyolala haimshtui mtu. Siku ya tatu mvua ikanyesha huko kwao, hawakucheza kabisa, watangazaji wakabaki kuzungumzia keki na njiwa. Baba akasinzia kitini. Ile ndiyo siku niliyopumua.

Kumbe maji yalikuwa yamepenya chini ya turubai lililofunika pichi. Siku ya mwisho jua likatoka, pichi ikaanza kukauka upande mmoja, na mpira ukaanza kuruka kama umekanyaga moto. Wiketi ikaanguka, yaani mpigaji mmoja katolewa. Ikafuata nyingine. Waingereza walihitaji tu kuvumilia hadi jioni iwe sare, na hawakuweza.

"Toka! Toka wewe!" Baba alikuwa amesimama. Mshipa wa shingo umemtoka, jasho linamtiririka. Anko Musoke alikuwa anapiga meza, daktari kasahauliwa. Hata Mzee Nestori alisimama na andazi mkononi, "Imekuwaje? Imekuwaje tena?" Nilitaka kumwita Mama, lakini agizo lilikuwa Baba akishika kifua. Baba hakushika kifua. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke, na mimi chini pale nimeng'ang'ania mguu wa suruali yake.

Ikabaki wiketi moja ya Waingereza, na muda uliosalia haufiki saa nzima. Hapo Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akauchomoa waya wa umeme ukutani. Redio ikanyamaza.

"Watoto bado wadogo, Baba Rehema," alisema. Alikuwa anakitazama kifua cha Baba.

Baba angeweza kuuchomeka waya. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akakaa. "Haya, mama. Yamekwisha." Anko Musoke na Mzee Nestori walimaliza chai wakaaga. Niliuegemeza mgongo wangu kwenye miguu ya Baba na kufurahi, kwa sababu alikuwa mzima.

Kesho yake Anko Musoke alipiga simu kumpa matokeo, taratibu, kama alivyokuwa ameonywa. Timu ya wageni ilishinda kwa wiketi ile ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache. "Ahaa," alisema Baba, akauliza habari za watoto wa Anko.

Alifariki majira ya baridi yaleyale. Ilikuwa Jumapili tulivu, hakuna mechi, hakuna aliyepaza sauti. Alikuwa ameinama kuvaa viatu aende kununua maziwa. Hakuna kilichomshtua.

Siku hizi naishi Upplands Väsby, upande mwingine wa jiji. Wanangu kriketi yao inaisha kabla wali haujaiva, ina muziki na fataki, na mwisho wa mechi yoyote wanao mfukoni, kwenye simu. Wala hawautazami. Nikiwaambia wangoje tuone, wananijibu kwa Kiswidi kwamba matokeo wameshayasoma. Sisi tungetoa nini kwa miisho hiyo!

Kiangazi kilichopita nilikuwa nafuatilia mechi ya siku tano kwenye simu. Mvua ilikuwa imewachelewesha, na kwenye kundi letu la mashabiki watu walikuwa wanatukana pichi, kwamba imelala. Mama, ambaye sasa ni kikongwe, alikuwa kando yangu akikunja nguo za wajukuu. Kisa kile cha kuchomoa waya hakuwahi kukitaja miaka yote hii, nami sikuwahi kumuuliza. Watangazaji wakapandisha sauti, nikanyoosha mkono kuipunguza.

"Acha," alisema. Akaendelea kukunja. "Na baba yako ningemwacha amalizie."