Siombi Msamaha kwa Ajili ya Mtoto Niliyekataa Kumwosha

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yaache yalivyo. Mimi ni nesi wa miaka thelathini na sita, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Tunaishi Riruta, hapa Nairobi. Kazi nafanya kwenye wadi ya kujifungulia ya hospitali moja ya kibinafsi upande wa Westlands. Wanaojifungulia kwetu ni wenye nafasi zao, na sina ubaya nao. Shida yangu ni maji ya kuoga.

Zamani kwetu mtoto akizaliwa alikimbizwa kwenye sinki. Anaoshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa kigauni chenye nembo ya hospitali, anapigwa picha. Mtoto lazima ang'ae. Wengine walitoka hapo wakiwa baridi, tunawapeleka kwenye mashine ya joto, na mama anabaki kitandani akiuliza mtoto wake yuko wapi.

Aliyebadilisha mambo hayo ni Sista Rhoda, mkuu wa wadi yetu (si jina lake). Alitoka kwenye mafunzo akatuambia utafiti ulishasema kitambo: mtoto afutwe tu, alazwe kwenye kifua cha mamake, kuoga kungoje kesho yake. "Tujaribu, halafu tupime," alisema. Tukajaribu. Kila mtoto tulimpima joto na kuliingiza kwenye tableti, na mchoro wa kila wiki tukaubandika ukutani. Watoto wa baridi walipungua hadi ile mashine ikawa inatuzibia njia tu. Ule mchoro niliuonea fahari kuliko cheti changu cha chuo.

Tena Sista Rhoda si mkubwa wangu wa kazi tu. Yeye na mumewe ndio waliotusimamia harusi. Nikikosana na mzee wangu, kwao ndiko tunakokalishwa chini. Nje ya kazi namwita Mum.

Sasa mwezi uliopita alijifungua mama mmoja wa Spring Valley. Mtoto alikuja na ule utando mweupe, na mama mkwe wake akampiga picha akaitupa kwenye group ya ukoo kabla ya kuuliza mtu. Watu wakaanza kucheka. Mnajua yale maneno ya mtaani, eti ule weupe unaonyesha baba hakumpumzisha mama hadi siku ya mwisho. Ni upuuzi mtupu. Ni utando wa kulinda ngozi ya mtoto tumboni. Lakini mama mkwe alishaona ameaibishwa.

"Nesi, mbona mjukuu wangu hajaoshwa? Tumelipia nini hapa?"

"Mama, huo si uchafu. Tutamwosha kesho akishashika joto."

"Kwani wewe umezaa wangapi ndio unifunze?"

"Wawili. Na wote walioshwa haraka, juu wakati huo hatukuwa tunajua."

Hakupenda jibu. Akapanda hadi kwa meneja, na mimi na Sista Rhoda tukaitwa.

"Hizo graph zenu ni sawa," meneja alisema, "but client amekasirika. Nani ali-approve hii kitu ya kutoosha watoto?"

Nikamgeukia Sista Rhoda nikingoja aseme. Akaangalia meza. "Mimi nilisema wajaribu kwa premature peke yake," akajibu. "Huyu alijiamulia."

Jamani, niliumia.

Nimetakiwa niandike barua ya kuomba msamaha, nikiri nilijiamulia, la sivyo mkataba wangu hautaongezwa. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu. Mchoro umebanduliwa na watoto wameanza kuoshwa tena, isipokuwa kwenye zamu yangu. Zamu yangu mtoto anaenda kifuani kwa mamake, na anayetaka kumpeleka kwenye sinki anipitie mimi kwanza. Mpaka sasa hakuna aliyenijaribu.

Mume wangu hanielewi. "Mama Imani, si uandike tu. Ukimwanika Mum mbele ya watu, siku tukikosana tutaenda kwa nani?" Nikamwambia basi tusikosane.

Labda ningeandika, nisiwadanganye, maana watoto wangu wanakula kutoka kwa hii kazi. Lakini Alhamisi Sista Rhoda alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. Binti yake yuko karibu kujifungua, na atajifungulia kwetu.

"Nimekuweka zamu hiyo wiki," akaniambia polepole. "Nataka ukuwe wewe. Na please, mtoto asioshwe. Mweke kwa kifua ya mamake vile tulikuwa tunafanya."

Nilicheka hadi akafunga mlango. "Mum, na ile barua?"

"Andika. Hiyo ni mambo ya office. Hii ni ya nyumbani."

Hapo nikajiuliza. Yaani mjukuu wake apate joto, na wa wengine wapate picha? Huyo mtoto nitampokea vizuri, na hataoshwa, kwa sababu hana kosa. Lakini barua siandiki. Hilo msinishauri, nimeshaamua.

Nataka ushauri kwa jambo moja tu. Jumatatu wakiniuliza nani aliniruhusu, nirudie maneno aliyoniambia Sista Rhoda kule chumba cha kubadilishia nguo, na yeye ameketi hapo, mama aliyesimama nami madhabahuni, amebakiza kidogo tu astaafu? Au nifunge mdomo nifukuzwe na heshima yake ibaki? Nimtaje au nimnyamazie? Na mtakaosema nimnyamazie, mniambie pia niwajibu nini akina mama ambao si binti zake.