Msichana wa Mlimani Aliyetoka Mjini

Saumu binti Twaha bin Hashimu, wa Lukozi, ndiye aliyefyeka pori la baba yake peke yake wanaume walipoteremka Mombo kutafuta vibarua. Ndiye aliyezaa saba, akazika wawili, akasomesha watano kwa kabichi na karoti. Ndiye aliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya, yuko darasa la sita, akaigiza malkia mpaka watu wazima wakafuta machozi. Siku hizi watoto wanamwita Bibi wa Konani, kwa nyumba yake iliyo kwenye kona ya barabara, kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa kukaa konani.

Mwaka juzi walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Filamu ya vijana wa sekondari, walisema, na mhusika mkuu ni msichana wa Kisambaa anayekwenda kusoma mjini. Husna, mjukuu aliyelelewa na Saumu, alikuwa kidato cha tatu, na hakuna igizo shuleni kwao lililofanyika bila yeye. Akaenda kwenye usaili amejipaka mafuta mpaka magotini. Saumu akamngoja mlangoni. Siku ile hata jiko hakuwasha.

Husna akarudi ameinamisha kichwa.

"Wamesemaje?"

"Nimepata, bibi. Hausigeli."

"Na yule msichana wa Kisambaa?"

"Wamekuja naye. Anaitwa Janeth. Wamesema mimi ni mweusi mno, na Kiswahili changu kina milima."

Kesho yake mwongozaji, kijana aitwaye Valentino, akafika na huyo Janeth. "Mambo, bibi!" akasema. Janeth akamkanyaga mguu, ndipo akakumbuka shikamoo. Walikuwa wanamwomba bibi amfundishe Janeth kusema, kutembea na kulima kama wa huku.

Hapo ndipo Saumu alipokosea, na anajua. Wageni walikuwa wameshakunywa uji wake, na kwake mgeni aliyekwisha kunywa uji hanyimwi ombi lake. Akakubali. Husna akatoka nje, akaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo yalikuwa yamejaa zizini.

Wiki tatu Saumu alimfundisha mtoto wa watu. "Onga makeo," salamu ya asubuhi ya Kisambaa, mara mia. Siku ya kupiga picha shambani, Valentino akataka Janeth alime akitazama bondeni. Kwenye mteremko ule mtu hulima akitazama juu, anauvuta udongo kuja miguuni.

"Baba, hivyo ataanguka," Saumu akasema.

"Tunataka uso uonekane, bibi. Watazamaji hawajui."

"Kwani sisi hatutazami?"

Valentino akacheka kama vile bibi ametania.

Filamu ikaonyeshwa banda la video la Lukozi, Jumamosi mchana, watu wametoka gulioni. Janeth alipofungua mdomo, ikatoka sauti ya Saumu, hata ule mkwaruzo wa kooni. Watu wakapiga makofi. Halafu akaingia Husna, anaunguza shati kwa pasi, anaangusha sinia, anaongea Kiswahili kibovu ambacho hajawahi kukiongea tangu azaliwe. Wanafunzi wa kwenye filamu wakamcheka. Bandani nako wakacheka, watu wa Lukozi hao hao, waliokula sadaka ya arobaini yake alipozaliwa.

"Beki tatu!" akapaza sauti mmoja wa waendesha bodaboda.

Jina hilo la kumdhihaki mtumishi wa ndani likamfuata mpaka darasani. Husna akaacha maigizo. Siku ile bandani, majina ya mwisho wa filamu yalipopita, Saumu alikuwa amemwambia Husna amsomee. Dereva alikuwemo. Mwenye jenereta alikuwemo. Saumu binti Twaha hakuwemo.

"Nimewapa sauti yangu wamvike mwingine," akasema, "wewe nikakuachia sinia."

Juma lililopita simu ikalia. Husna akaja nayo, ameiziba kwa kiganja. "Bibi, watu wa filamu nyingine. Ya vijana pia. Wanamtaka yule bibi anayefundisha."

Saumu hakunyoosha mkono.

"Ongea nao wewe. Mimi nimeshindwa kazi hiyo, kuanzia leo ni yako, na ya mwanao baada yako. Waulize kwanza msichana wa mlimani atakuwa nani. Wakisema wanaye tayari, hawapati neno kwetu."

"Lakini ni watu wazima, bibi."

"Shikamoo wape, hiyo ni adabu. Onga makeo usiwape."