Jicho la Kushoto, Mkono wa Kulia

Nilifika Arusha miguu ikiwa imevimba kwa kukaa kwenye basi. Tuliondoka Songea alfajiri, tairi likapasuka kabla ya Iringa, tukalala Dodoma, na kesho yake tukaendelea kupitia Babati, mimi na kuku wa abiria wa kiti cha mbele. Tulipofika Makuyuni nilikuwa nimeshawazoea kama ndugu. Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo. Nilikuwa nimeuza vitenge Mbeya, nimepima mpunga Kahama, nimeendesha bajaji Songea, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kuota mahali pengine. Safari hii nilijiapia kwamba nikifika nitakaa.

Jamaa yangu mmoja aliyepanga Kijenge, mjini Arusha, ndiye aliyenipigia simu.

"Kuna mama huko Nkoaranga anatafuta mwalimu wa upinde. Wewe si ulikuwa unawinda ndege utotoni?"

"Nilikuwa nawalenga," nikamwambia.

"Inatosha. Njoo."

Huyo mama alikuwa mjane mwenye kahawa na migomba mlimani. Sehemu ya shamba alikuwa ameifyeka akaweka majani ya kupigia mahema, na mgeni mmoja aliyelala pale muda mrefu alimfundisha kidogo kutumia upinde, kisha alipoondoka akamwachia fungu zima la pinde na mishale. Mama akapata wazo: wageni walipe kwa kucheza, na watoto wa shule waletwe kujifunza. Alichokosa ni mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe mwindaji?" Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Haya, piga nione."

Shabaha ilikuwa gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba, na duara limechorwa katikati kwa rangi nyekundu. Nikavuta, nikalenga duara vizuri kabisa, nikaachia. Mshale ukapita kushoto ukaingia kwenye migomba ya jirani. Wa pili ukamfuata mwenzake. Wa tatu vilevile.

"Mama wee!" jirani akapaza sauti toka ng'ambo ya mfereji. "Mwambie mgeni wako ndizi zangu hazijakomaa!"

Nilikuwa nimeshaanza kuwaza basi la kurudi. Mama hakucheka. Aliniambia ninyooshe mkono, macho yote wazi, nifunike kwa kidole gumba msalaba wa kanisa uliokuwa ukionekana kule chini.

"Sasa fumba jicho la kushoto."

Nikajaribu. Kwa bahati mbaya, nikifumba la kushoto, la kulia nalo linafumba. Mpaka leo siwezi kukonyeza mtu. Mama akaniziba mwenyewe kwa kiganja kilichonukia kitunguu.

"Kidole kimehama?"

"Kimehama, mama. Kiko kwenye bati la nyumba ya jirani."

Akaziba la kulia. Kidole kikarudi msalabani.

"Basi nimekuelewa. Jicho lako linalolenga ni la kushoto, mkono unaovuta ni wa kulia. Wewe ni kama mtu aliyechumbia nyumba hii, mahari akapeleka nyumba ya pili. Nakupa mpaka kamati ya shule itakapokuja kukagua. Wakikukubali, chumba cha nyuma ni chako. Wakikukataa, nauli yako unaijua."

Dawa ya kwanza ilikuwa kuziba jicho la kushoto kwa pamba na plasta. Mishale ilinyooka, lakini sikufika popote bila kusimamishwa. Vijia vya Nkoaranga ni vyembamba na vya kupanda, mtu akikwambia pole huna pa kukwepea. Nilipewa pole na akina mama wa kwaya, na wachuma kahawa, na mzee mmoja aliyeniombea pale pale huku ameshika ng'ombe wake kamba. Siku ya tatu mama akaibandua plasta kwa mkono wake.

"Wageni watasema mishale yangu inatoboa watu macho. Hamia kushoto."

Pinde zenyewe zilikuwa za mti mtupu, hazichagui upande. Shida ilikuwa mimi. Mkono wangu wa kushoto haukuwahi kufanya kazi ya maana maishani. Ilinibidi niufundishe kama mtoto: nikaufagisha uwanja, nikauchotesha maji, nikaukatisha majani ya ng'ombe. Mwanzoni kamba ya upinde ilinichapa mkono wa kulia mpaka ukawa na rangi ya bilinganya. Halafu jioni moja mshale ukaingia katikati ya duara na kutulia, kama uliokuwa ukisubiriwa hapo. Nilipiga kelele hata jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Kamati ikaja: mwenyekiti, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu mwenye koti zito, pamoja na wazee wenzake. Nikapiga vizuri, wakapiga makofi. Ndipo mama mkwe wa mama, bibi tuliyemwogopa wote, akaja na bakuli la loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akaninyooshea mimi kwanza, kwa heshima.

Mkono wa kulia ulikuwa umeshika upinde. Nikapokea kwa ule uliokuwa wazi.

Bibi akalirudisha bakuli kifuani.

"Unanipokelea kwa mkono gani, mwanangu?"

"Samahani bibi, huu mwingine una upinde."

"Wa kulia una upinde, wa kushoto unapiga. Chooni unaenda na upi?"

Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka. Nikaweka upinde chini, nikanawa, nikapokea kama watu, nikala. Lakini mwenyekiti alikuwa ameliona jambo.

"Kupiga unajua," akasema. "Tatizo watoto wanaiga. Mbele yao utatumia wa kulia."

Mama akanikanyaga mguu.

"Sawa mzee," nikasema, na chumba cha nyuma kikawa changu.

Basi nikawa mwalimu wa kukosa. Kila Jumamosi watoto walipanda mlima, nikawaonyesha kusimama, kushika, kuvuta, halafu nikapeleka mshale kwa jirani. Wao wakapata. Walifurahi hata wakasimulia shule nzima, na shule ya pili nayo ikaomba nafasi.

"Mwalimu, leo umezihurumia ndizi?"

"Mwalimu, nikushike mkono?"

"Usijaribu kupona," mama akaninong'oneza. "Wanakuja kwa ajili ya hilo."

Jioni wakishaondoka nilihamia kushoto, nikapiga peke yangu, katikati, katikati tena, ng'ombe wa jirani akinitazama. Nilipapenda pale. Nilipanda maharage yangu mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kuifanya popote. Maharage yanataka mtu wa kuyangoja.

Jumamosi moja kabla ya likizo, msichana mmoja wa darasa la sita, mwenye shabaha kuliko wote, akaninyooshea mshale.

"Mwalimu, hebu tuachie hata zawadi moja. Ukipata, nakubebea mkoba mpaka barabarani."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikahamisha upinde kwenda mkono wa kulia, nikavuta kwa kushoto, nikaachia. Mshale ukakaa katikati ya wekundu.

Nilitegemea makofi.

"Kumbe anaweza!"

"Alikuwa anatudanganya siku zote!"

"Halafu katumia mkono wa chooni!"

Kabla sijauchomoa mshale, habari zilishafika barabarani. Mwenyekiti alipanda mlima jua likiwa bado juu, koti mkononi, jasho linamtoka.

"Tulikubaliana, mwalimu."

"Tulikubaliana, mzee."

Hakukuwa na ugomvi. Mama alinipimia kahawa kwenye mfuko, akanikatia ndizi, asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda akiwa amenuna.

"Ungevumilia tu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nife, kwani kuna nini? Sasa nitampata wapi mtu wa kukosa vizuri kama wewe?"

Pikipiki ikawaka, nikashuka mlima mpaka Usa River, nikapanda basi la kwanza lililosimama, na sijarudi tena.