Mtangazaji na Kengele za Mapajani

Mbale wananijua. Shuka Namakwekwe uulize bwana wa spea za pikipiki, hata mtoto atakuonyesha duka langu, na likiwa limefungwa atakupeleka la pili. Shule niliiacha darasa la nne. Kiswahili nilikiokota mpakani Malaba nikibeba tairi za watu kichwani, na leo wenye digrii wananiita bosi. Nasema hivi ili ujue kwamba wale waandaaji wa mashindano ya kucheza hawakunichukua kwa huruma. Walitaka sura zinazojulikana, wakaja wenyewe mpaka kaunta yangu.

Mashindano yalikuwa ya televisheni. Watu maarufu wa mashariki ya Uganda, wasio wachezaji, wanafundishwa kucheza, wanaonyeshwa kila Jumamosi, na anayefanya vibaya anatolewa. Sharti tulisomewa sote: usiwe umewahi kufundishwa ngoma wala kuicheza kama kazi. Nikakubali. Nilikubali kwa sababu ya mtu mmoja, sifichi.

Mtu huyo ni mtangazaji wa redio wa Jinja. Kila asubuhi sauti yake inafika jikoni kwangu kabla yangu. Mke wangu, mwanamke niliyemjengea nyumba ya vigae, anakoroga uji huku anatabasamu peke yake. Nikimuuliza anacheka nini, ananijibu, "Huyu mtu ana maneno, Baba watoto." Kwani mimi sina maneno? Niliposikia kwamba naye anashindana, nikasema vizuri, sasa mama watoto atatuona kwa miguu, si kwa mdomo. Nilichotaka ni aseme mwenyewe kwamba namshinda yule. Kombe wangeweza kubaki nalo.

Raundi za mwanzo tulichezea Jinja. Nilifanya mazoezi mpaka mwalimu wangu akaomba kupumzika. Rumba niliipiga vizuri, watu wakanishangilia. Lakini yule bwana! Kiuno kinakwenda upande wake, mabega upande wake, na uso unacheka kama haujui mwili unafanya nini. Jaji mkuu, mama mstaafu wa bendi ya polisi ambaye sote tulimwita Afande, akasema, "Hiki ni kipaji." Mke wangu alikuwa mstari wa mbele. Nilimwona ameshika shavu, mdomo wazi.

Kipaji gani kinachokuja na mikono iliyonyooka hivyo, kama ya mtu aliyefunzwa? Nikaanza kuuliza. Fundi mmoja wa Buwenge, huko huko upande wa Jinja, mteja wangu wa cheni, akacheka sana. "Yule? Bosi, tangu kijana alikuwa kwenye kikundi cha ngoma. Walikuwa wanachezea wazungu hotelini, kule karibu na mto. Walikuwa na sare kabisa!"

Nilisikia utamu mpaka tumboni. Cheni nikampa bure.

Fainali ikaja Mbale, nyumbani. Ukumbi umejaa, tumebaki mimi na yeye. Kabla muziki haujaanza nikaomba kipaza sauti. "Afande," nikasema, "huyu ndugu alifundishwa kucheza. Miguu yangu mimi ilifundishwa na mizigo. Hii ni haki?"

Mtangazaji hakukana. Alikuja polepole, akainama kidogo kwa heshima, akatoa ile sauti yake ya uji. "Ni kweli, Afande, nilicheza. Lakini muulizeni mzee wangu huyu: mwaka wake wa kutahiriwa, kwa wajomba alikwenda amekaa kwenye kiti?"

Ukumbi ukalipuka. Kwetu Bugisu kijana hafiki kwenye kisu bila kucheza. Anafungwa kengele mapajani, anapakwa unga, anazunguka kwa ndugu mmoja hadi mwingine, ngoma za kadodi zikimfuata, anacheza barabarani mpaka siku yake ya kukatwa. Wanaume wa ukumbi ule karibu wote walikuwa wamepita humo.

"Bosi, usikatae!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Nilikuona Busiu, ulitimua vumbi barabara nzima!"

Nikawajibu, na hata leo nasimama hapo hapo: ile si kucheza. Mtu anayekwenda kwenye kisu hachezi ili apendeze. Anauambia ukoo kwamba haogopi. Hotelini ukikosea hatua, mzungu anapiga picha. Kwetu ukisita kidogo tu, utachekwa mpaka na wajukuu. Huo ndio msingi wa kucheza? Huo ni msingi wa kuwa mwanamume.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Basi wote mna madoa. Muziki wetu tuuache. Wapiga kadodi waliotupokea mlangoni si wapo? Wapige, mcheze nyote wawili."

Moyoni nikasema kwisha habari yake. Ngoma ilipolia, magoti hayakuniuliza. Nilikanyaga sakafu ile kama nina deni nayo, kitambi changu, ambacho nimekifanyia kazi, kikanifuata bila kuchelewa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtangazaji alianza vibaya, kiuno chake cha kwao Busoga kinatafuta mlango. Akanitazama miguu. Akafuata, akakosea, akajicheka, akakosea tena, mwisho akaingia. Na watu wakamshangilia kwa kuingia tu! Mimi niliyekuwa ndani tangu ujana, nani alinishangilia kwa kubaki?

Kombe nilipewa mimi. Nje wakanishika mkono: "Hongera bosi, lakini wewe Mgisu, ungeshindwaje?" Kama vile miguu niliazima kwa babu.

Nyumbani nikamkalisha mke wangu. "Haya, sema."

"Umecheza vizuri, Baba watoto. Vizuri kabisa." Akakunja kitenge chake taratibu. "Lakini yule amecheza ngoma isiyo yake, mbele ya wenyewe."

"Yule alifundishwa!"

"Alifundishwa, ndiyo. Na aliyemfundisha ni wewe. Pale pale, sote tukiona."

Asubuhi yake uji ulikuwa jikoni na sauti ilikuwa jikoni. Bwana yule alikuwa ananipongeza hewani, ananiita mwalimu wake wa Mbale, kwa maneno matamu ambayo hata mimi sikupata pa kuyakosoa. Mke wangu akanyoosha mkono, akaongeza sauti, akatabasamu.

Kombe liko juu ya kabati, refu kuliko ile redio. Na redio yenyewe nilinunua mimi.